Handaki la Mwalimu Lwakatare

Violeth hapigi simu. Huandika ujumbe. Akitaka chumvi kutoka dukani huandika, akiwa na homa huandika, na siku ile nyoka alipoingia jikoni alimwandikia baba yake, ambaye alikuwa hatua arobaini tu kutoka hapo, katika kibanda chake cha kazi: *Tata nyoka jikoni njoo.* Watu wa Izigo wamekwisha kumzoea. Wanasema ni mambo ya tetemeko, na wakishasema hivyo huona wameeleza kila kitu. Baba yake, Mwalimu Lwakatare, huitikia kwa kichwa. Kwa miaka minane ameitikia kwa kichwa.

Ana miaka sitini na tisa sasa. Alizaliwa hapa hapa, katika kibanja cha babu yake, kati ya migomba na mikahawa, katika mkoa ambao reli haijawahi kufika. Treni alilipanda kwa mara ya kwanza akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, anakwenda chuo cha ualimu wa ufundi. Tabora waliposimama usiku kucha kungoja mabehewa ya Kigoma, alishuka kunyoosha miguu, akakuta pembeni kichwa cha treni cha mvuke, kizee, cheusi, kinavuta mabehewa matupu kuyapanga. Kilikuwa kinavuja maji na kupumua kama ng'ombe mgonjwa. Alisimama akakitazama mpaka treni lake likaanza kuondoka, akalikimbilia, kiatu kimoja kikabaki Tabora.

Huko chuoni kulikuwa na kitabu kimoja kilichochanika jalada, chenye picha za vichwa vya treni vya mwanzo kabisa, vya zamani za Waingereza, kabla hawajajua treni linatakiwa kuwa na sura gani. Kimoja kilikuwa na gurudumu kubwa la pembeni kama la kinu. Kingine kilikuwa na nguzo na mikono juu ya mgongo mithili ya panzi. Kingine kilikuwa na bomba la moshi refu kuliko mwili wake. Lwakatare alivinakili vyote kwa penseli, kimoja kimoja, na vipimo vyake, na alipomaliza chuo alikuwa na karatasi kumi na saba katika mrija wa bati. Ndizo alizorudi nazo Bukoba. Ndizo alizomwonyesha Ephrasia kabla ya kumchumbia, na Ephrasia, binti wa Buganguzi asiyejua kuficha neno, alimwambia, "Wengine huja na picha ya nyumba yao."

Alifundisha uashi na uchoraji wa ufundi katika shule moja ya sekondari mjini Bukoba kwa miaka thelathini. Jioni, baada ya kusahihisha madaftari, alijenga. Magurudumu aliyachonga kwa mti wa mkahawa uliozeeka, maana ni mgumu na haupasuki ovyo. Fito za pistoni zilikuwa vyuma vya miavuli mibovu. Mataruma ya chini ya reli hayakuwa ya mbao, kwa sababu reli za kwanza zililazwa juu ya mawe, na yeye alikaa miezi mizima akikata vijiwe vya ukubwa wa kiberiti. Mirija ya shaba ya boila ilimpa taabu zaidi. Mjini hakukuwa na mrija mwembamba wa shaba isipokuwa kwa wapika gongo, nao ndio waliomuuzia pia kitu cha kuwashia moto chini ya boila, maana gongo safi huwaka bila masizi. Basi watu wakawa wanamwona mzee wa kanisa, Mlutheri, Jumamosi baada ya Jumamosi, anaingia kwa mpika gongo na chupa tupu na kutoka na chupa iliyojaa.

"Wanasema umeanza kunywa," Ephrasia alimwambia.

"Uliwajibuje?"

"Nimewaambia wewe hunywi. Anayekunywa ni treni. Wewe unalipeleka nyumbani tu."

Katika miaka ishirini alijenga saba. Cha kwanza na alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kile chenye gurudumu la pembeni, cha mwaka elfu moja mia nane na nne. Aliwaeleza wanafunzi wake habari yake kila mwaka, kwa maneno yale yale: kwamba kilivuta tani kumi za chuma na watu sabini kwa maili tisa, kichwa chenyewe kikiwa hakina kasoro, ila reli zilivunjikavunjika chini yake. "Hawakupima kitu kinachobeba," alisema. "Walipima kinachobebwa." Kisha aliwapa zoezi la kuta na nafasi zake: madirisha, milango. Kila uwazi katika ukuta una linta yake, boriti inayolazwa juu kubeba ukuta. Hakuna uwazi usio na linta. Atakayechora dirisha bila linta, sifuri.

Mwaka elfu mbili kumi na tatu Violeth alipata kazi ya muda katika duka la dawa Mwanza, na chumba chake katika nyumba yao ya mjini, mtaa wa Hamugembe, kikabaki na kitanda kitupu na sanduku la bati. Njia ya treni wakati huo ilikuwa juu ya meza ndefu iliyouzunguka ukuta wa sebule. Lwakatare aliutazama ukuta uliotenga sebule na chumba cha binti yake wiki nzima.

"Sasa unataka kutoboa nyumba," Ephrasia alisema.

"Nataka kuweka handaki. Treni lipite chumbani kwa Violeth, lizunguke, lirudi."

"Bukoba nzima haina reli, ila nyumba yangu ina handaki."

"Watu watakuja kuliona."

"Watakuja kuuliza panya gani huyu mkubwa."

Lakini alimshikia taa ya mkononi wakati anachimba, na alikuwa anacheka.

Nyumba ilikuwa ya tofali mbichi, zimeshikwa kwa udongo, zimepigwa lipu ya saruji juu. Zipo nyumba elfu kama hiyo. Lwakatare alijua vema kinachotakiwa: kata nafasi, laza linta ya mti mgumu au ya zege, iingie inchi sita kila upande. Aliinunua hata mbao yenyewe. Ikalala uani siku tatu. Kisha akaona kwamba linta itakuwa mstari ulionyooka juu ya handaki, na mahandaki ya kwanza hayakuwa na mstari ulionyooka. Yalikuwa na tao. Aliyakata matofali kwa msumeno, kila moja na mshazari wake, akalijenga tao dogo lililopinda vizuri kiasi kwamba siku ya kutoa kitegemeo alimwita Ephrasia aje ashuhudie. Tao likasimama. Tao lililopangwa sawasawa hujibeba lenyewe. Hilo ni kweli na alilifundisha. Alilifundisha pia kwamba tao husukuma pembeni, na kwamba pande zote mbili lazima pawepo na ukuta wa kutosha kulizuia. Upande wa kulia palikuwapo. Upande wa kushoto, kati ya handaki na fremu ya mlango wa chumba cha Violeth, palibaki tofali moja na nusu.

Mbao ile ya linta aliifanya rafu.

Baada ya miaka miwili ulitokea ufa, mwembamba kama unywele, kutoka bega la tao kuelekea kona ya mlango. "Baba Violeth," Ephrasia alisema, "ukuta wako unacheka." Aliuziba kwa saruji laini, akapaka rangi, na asubuhi yake alilipitisha treni mara nne kuhakikisha kwamba hakuna kilichobadilika. Treni lilipita mara nne.

Siku ya tetemeko, Jumamosi ya Septemba mwaka uliofuata, wote wawili walikuwa uani. Lwakatare alikuwa kwenye jiriwa, anasugua gurudumu kwa tupa. Ephrasia alikuwa amekaa mkekani anamenya ndizi. Ilikuwa inakaribia saa tisa na nusu alasiri. Simu ikaita kwenye mfuko wa gauni lake. Akaipokea kwa mgongo wa kidole, maana vidole vilikuwa na utomvu, akaongea kidogo, akainuka.

"Violeth anataka cheti chake cha kidato cha nne. Kuna kazi ya kudumu wameitangaza. Nimtafutie namba yake."

"Kwani kesho haipo?"

"Kwa vijana wa siku hizi? Kesho haipo."

Aliingia ndani. Lwakatare alisikia kifuniko cha sanduku la bati kikigonga ukuta. Baada ya hapo ardhi ikanguruma, kitu ambacho hakuwahi kujua kwamba ardhi inaweza, na gurudumu likamtoka mkononi.

Mtaani zilianguka nyumba nyingi. Kwake haikuanguka nyumba. Ulianguka ukuta mmoja.

Majirani walikuja na majembe. Walimtoa akiwa bado anapumua, uso mweupe kwa vumbi, wakamlaza kwenye pikapu iliyokuwa imekwisha kubeba majeruhi wawili. Dereva akamwambia Lwakatare apande. Lwakatare akasema ngoja nichukue shuka. Akarudi ndani.

Hakuchukua shuka. Nusu ya tao ilikuwa bado imeshikamana upande wa kulia, imepinda vile vile alivyoipinda, na mtu yeyote ambaye angeingia angeiona. Akaipiga kwa jembe mpaka ikawa matofali kama matofali mengine. Akang'oa reli zilizokuwa zimetokeza katika kifusi na kuzisukuma chini ya kitanda. Nje pikapu ilikuwa inapiga honi. Dakika tatu, labda nne. Ephrasia alikata roho kabla hawajafika hospitali, kwenye mteremko, kichwa chake kikiwa mapajani kwa jirani, kwa sababu Lwakatare alipopanda, nafasi ya kukaa karibu naye ilikuwa imechukuliwa na wengine.

Wakamzika Izigo, kibanjani. Violeth aliwasili kutoka Mwanza asubuhi ya mazishi, na kabla ya kuvua hata viatu alimshika baba yake mikono yote miwili, akasema, "Tata, alikuwa nje. Ni mimi niliyemwingiza ndani."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pake pa kusema. Watu walikuwa wengi, wamekaa juu ya majani yaliyotandazwa, mchungaji anafungua kitabu. Lwakatare alisikia kinywa chake kikisema, "Ni mapenzi ya Mungu, mwanangu." Mchungaji naye akasema hayo hayo, kwa kirefu.

Violeth hakurudi kwenye kazi yake Mwanza. Walihamia kijijini, yeye na baba yake. Alilala sebuleni, kwenye godoro karibu na mlango, na mlango haukufungwa kwa komeo. Mwalimu mmoja wa Kimwani, Rwekaza, mtu mpole, alikuja kwa mwaka mzima na baiskeli yake kumtaka uchumba, mwishowe alikuja kumuaga Lwakatare, akasema, "Mzee, ameniambia yeye ameua mtu. Nimemweleza, hasikii. Labda wewe." Na kila tarehe kumi ya Septemba Violeth hafungui kinywa kwa chakula wala maji mpaka jua lizame. Jua likizama, Lwakatare huwa amekwisha kumpikia uji wa ulezi. Huukoroga mwenyewe. Huuweka mbele yake na kungoja anywe.

Kazi ya mikono aliirudia mwaka wa pili. Alijichukia kwa hilo, lakini vidole vilikuwa havina pa kukaa. Katika vichwa saba, kile cha gurudumu la pembeni peke yake kilipona, maana kilikuwa uani kikingoja gurudumu jipya, vingine vikiwa mezani chini ya ukuta ule. Alikikamilisha. Kisha akaanza kingine. Alijijengea kibanda cha miti na mabati nyuma ya nyumba, pasipo ukuta wa tofali hata mmoja, na njia yake ya treni ikaenda mbele mita sita na kurudi nyuma. Hakuweka handaki.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka mwezi wa nane mwaka huu, Najibu alipofika.

Najibu aliwahi kuwa mwanafunzi wake, mmoja wa wale waliokuwa wanabaki baada ya kengele. Sasa ni mhandisi, anajenga madaraja ya reli mpya upande wa Mwanza. Alikuja na gari, na sanduku la mbao lenye matandiko ndani, na kitu bapa kilichofungwa kwa gazeti.

"Karibu waitu," Violeth alimpokea kwa heshima ya Kihaya, akamtengea kiti, akaleta kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo kama mgeni anavyostahili. "Tata anakuja. Anajitoa mafuta ya treni."

"Bado anamnywesha treni wake?"

"Anamnywesha. Siku hizi hata bei ya gongo imepanda, treni limekuwa mlevi wa kistaarabu. Nusu chupa kwa wiki."

Lwakatare aliwasikia akiwa uani akacheka pia, na alipoingia Najibu alisimama akamshika mikono kwa muda mrefu. Alieleza shida yake. Walikuwa wanatengeneza chumba cha maonyesho kwa ajili ya watoto wa shule, waone reli ilikotoka. Alitaka vichwa viwili vya Mwalimu viwekwe kwenye kabati la vioo katikati ya chumba, na jina la Mwalimu kwenye kibao cha shaba.

"Jina langu?" Lwakatare alisema.

"Jina la nani tena? Mwalimu, mimi nimejua reli nyumbani kwako. Na ushahidi ninao." Akafungua gazeti.

Ilikuwa picha, imekuzwa na kutiwa fremu. Wanafunzi sita katika sebule ya Hamugembe, mwaka elfu mbili kumi na nne, na katikati yao Ephrasia, kitambaa kichwani, ameshika behewa moja dogo juu kama mtu anayeuza samaki, anacheka na macho ameyafumba.

Violeth alitoa sauti. Aliichukua fremu kwa mikono miwili, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. "Sijawahi kuiona hii. Tata, tazama. Tazama meno yake!"

"Mimi ndiye huyu mwenye masikio," Najibu alisema, akamfuata, furaha imemjaa. "Mama alikuwa anatuambia atakayeangusha behewa atamenya ndizi za wiki nzima. Na treni lilikuwa linatokea hapa, unaona, upande huu, kwenye hili hand..."

Kidole chake kilibaki juu ya kioo. Lwakatare, kutoka kitini, alikiona kidole kikisogea polepole, kutoka kwenye tao kwenda kwenye fremu ya mlango, na kurudi, kama kidole cha mtu anayepima. Kisha Najibu akageuza shingo na kumtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mwanafunzi aliyekuta kosa katika jibu la ubaoni na anangoja kuambiwa kwamba amekosea yeye.

"Kahawa hii," Najibu alisema, akivuta kikapu, "ni ya hapa hapa kibanjani?"

"Ya hapa hapa," Violeth alijibu, bila kuondoa macho kwenye picha.

Najibu hakukaa sana baada ya hapo. Lwakatare alimsindikiza mpaka barabarani, na walipovuka migomba ya mwisho Najibu alisimama.

"Mwalimu, ningejua nisingeileta."

"Umeona nini?"

"Unajua nilichoona."

"Sema. Ulikuwa mwanafunzi wangu."

Najibu alikwangua udongo kwa ncha ya kiatu. "Hakuna linta. Na upande wa mlango tao halina cha kuegemea." Akaongeza upesi, "Lakini lilikuwa tetemeko. Pengine ukuta ungeanguka tu, hata ungekuwa mzima."

"Kuta nyingine za nyumba ile zilikuwa ngapi?"

Najibu alianza kuzihesabu kwa vidole.

"Kumi na moja," Lwakatare alisema. "Zimesimama mpaka leo. Mpangaji anakaa ndani."

"Dada anajua?"

"Handaki alilijua. Kosa lake halijui."

"Anafikiri nini?"

Lwakatare akamwambia. Alimwambia habari ya simu, na ya kufunga, na ya Rwekaza wa Kimwani. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia yakitamkwa kwa sauti yake mwenyewe, na alishangaa kwamba yalichukua muda mfupi hivyo.

"Miaka minane, Mwalimu?"

"Minane."

Najibu alifungua mlango wa gari, akasimama nao mkononi. "Mimi sitasema kitu. Si yangu kusema. Ila siwezi kuviweka kwenye kioo na kuandika jina lako nikijua yule pale ndani haoni kosa isipokuwa lake. Nisamehe." Akasukuma sanduku la mbao, tupu, mpaka ndani kabisa ya buti, akafunga.

Lwakatare alirudi taratibu. Kaburi la Ephrasia lilikuwa upande wa kushoto wa njia, chini ya migomba, limewekewa vigae vyeupe ambavyo Violeth huvifuta kila Jumamosi. Hakusimama hapo. Alikuwa amesimama hapo mara nyingi na halikumsaidia lolote.

Violeth alikuwa amekwisha kupiga msumari ukutani kuelekea mlango na kuitundika picha. Alikuwa anafuta kioo kwa ncha ya khanga.

"Kaa, mwanangu."

"Amesahau kuchukua vichwa vyako."

"Hakusahau. Kaa."

Alitaka kusema. Alikuwa amepanga maneno tangu barabarani, lakini alipofungua kinywa yalikuja yale ya mazishini, mapenzi ya Mungu, akakifunga tena. Basi akaenda kwenye kibanda, akarudi na karatasi, penseli na rula. Akaviweka mezani. Akafanya alichojua kufanya.

Alichora ukuta. Mita tatu na nusu kwa mita mbili na nusu, kipimo cha moja kwa ishirini. Alichora mlango wa chumba. Alichora handaki, na tao lake, tofali kwa tofali. Alichora mishale miwili kutoka kwenye tao, mmoja kulia, mmoja kushoto, kama alivyoichora ubaoni kila mwaka, na akaanza kueleza kwa sauti ile ile ya darasani. Mzigo unashuka hapa. Tao linaugawa, huku na huku. Huku unapokelewa. Huku, pana tofali moja na nusu. Alichora ufa wa mwaka elfu mbili kumi na tano na kusema aliuziba na kwa nini. Alieleza linta ni nini, na mbao yake ilikwenda wapi.

Violeth alisikiliza kwa utulivu wa mtu anayeelekezwa njia. Penseli iliposimama, alisema, "Na Mama alikuwa wapi?"

Lwakatare alitazama karatasi.

"Mweke," Violeth alisema.

Akachora duara dogo, upande wa chumbani, mbele ya sanduku.

"Kwa hiyo mimi nilimpigia akaingia ndani."

"Ndiyo."

"Na bila handaki angeingia, angefungua sanduku, angetoka."

"Ndiyo."

"Majirani walisema ukuta ulikuwa wa zamani."

"Mimi ndiye niliyewaambia. Lile tao lililobaki nililivunja kwa jembe." Akaona kwamba akiacha hili moja atakuwa hajasema lolote. "Wakati pikapu inangoja. Nilisema nakwenda kuchukua shuka."

"Walikungoja."

"Walipiga honi."

Nje kuku walikuwa wanaparua majani makavu ya migomba. Violeth alikuwa anatazama mkono wa baba yake, sio uso.

"Ule uji," alisema. "Kila mwaka. Ulikuwa unaukoroga ukijua."

"Nilikuwa najua."

"Na Rwekaza alikuja kwako."

"Alikuja."

Hakulia na hakupaza sauti. Alivuta karatasi kwake, akaisoma tena kuanzia juu, kisha akairudisha mbele ya baba yake na kuweka kidole kwenye kona ya chini, upande wa kulia, palipokuwa peupe.

"Hukuandika jina."

Lwakatare alimtazama.

"Ulikuwa unawakata wanafunzi alama," Violeth alisema. "Mchoro usio na jina si wa mtu. Weka jina lako. Na tarehe."

Akaandika. Kazi yote ilikuwa imetoka safi isipokuwa hilo jina. Lilipanda na kushuka kama la mtoto wa darasa la kwanza. Violeth alikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani. Akaishusha picha ya mama yake ukutani. Kisha akachukua simu iliyokuwa dirishani, akaitafuta namba kwa muda mrefu, kwa sababu alikuwa hajui tena mahali pa kubonyeza, akaiweka sikioni.

Lwakatare aliisikia ikiita upande wa pili. Aliisikia pia sauti ya Alistidia, mdogo wake Ephrasia, kule Buganguzi, ilivyopasuka kwa hofu: "Violeth? Violeth wewe? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mama mdogo." Ilibidi akohoe kwanza. "Hajafa mtu. Naomba uje unichukue. Nitakuwa barabarani. Nina karatasi nataka uione."

Alistidia alikuwa bado anauliza, na Violeth alikuwa bado anamjibu, alipokwisha kutoka mlangoni na fremu kwapani. Hakugeuka. Lwakatare alibaki kitini na penseli yake, akimsikiliza anavyoongea akipita kando ya vigae vyeupe, anavyoongea kati ya migomba, kwa sauti ya juu, kama wanavyoongea watu wote kwenye simu.